Posa ya Ghafula na Haki ya Anayeposwa

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu huyatenda kwa siri, posa ni la namna ya peke yake. Mwizi huficha ili asijulikane kabisa. Mtoa sadaka huficha ili asisifiwe. Lakini mposaji huficha jambo ambalo kusudi lake lote ni kujulikana, tena humficha yule yule mwenye jambo. Akifaulu mno katika kuficha kwake, humnyima mwenziwe nafasi ya kufikiri. Akishindwa, mwenziwe hukaa akimtazama anavyohangaika, naye hujifanya haoni. Je, inafaa kumficha mtu jambo linalohusu maisha yake mwenyewe, hata ikiwa nia ni kumfurahisha? Na huyo anayefichwa, ikiwa amekwisha kushuku, ana wajibu gani?

Swali hili sitalijibu kwa maneno ya angani. Nitalijibu kwa kisa kilichotokea Ujiji, ambacho mimi mwenyewe nilihusika nacho, tena si kwa sifa.

Mpwa wangu ni mfanyabiashara wa dagaa. Huwanunua katika mwalo wa Kibirizi, akawapeleka Kasulu, na aghalabu hurudi na maharage. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa na urafiki wa heshima na binti mmoja wa Ujiji aliyekuwa akisomea ualimu. Wazazi wa pande zote mbili walijua, ingawa hakuna aliyekuwa amesema neno. Kijana akaazimia kumposa kwa namna ambayo vijana wa mjini huiita sapraizi, yaani kwa ghafula, bila ya binti kuwa na habari.

Mpango wake ulikuwa mzuri, sitaki kumnyima haki yake. Msomaji aliyekaa ufukweni mwa Tanganyika anajua kwamba usiku wa giza ziwa letu huonekana kama mji, kwa wingi wa taa za wavuvi wanaowavuta dagaa kwa mwanga. Lakini mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawakusanyiki penye taa; kwa hiyo wavuvi hupumzika, wakashona nyavu zao, na mitumbwi hulala mchangani. Kijana alikusudia kuazima mtumbwi katika siku hizo za mbalamwezi, ampeleke binti majini hatua chache tu kutoka ufukweni, na huko, ziwa likiwa tulivu na tupu, amwulize. Marafiki zake kumi wangekuwa wakingoja nchi kavu na ngoma, na mmoja wao angepiga picha kwa simu.

Ili mpango huo usijulikane, ilimbidi kusema maneno mengi yasiyo kweli. Alisema yuko Kasulu anadai fedha zake, kumbe yuko kwa sonara pale Mwanga. Simu ikilia aliondoka barazani akaenda kuongea nyuma ya nyumba. Fedha alizozoea kuzitumia kwa ukarimu zilianza kupungua bila ya maelezo. Mambo haya yaliendelea kwa wiki tatu.

Binti hakuwa mjinga, alishuku. Na hapa ndipo penye fundo la jambo letu. Mtu hushuku kwa kutumia yale aliyo nayo mkononi. Binti huyu alikuwa na nini? Alikuwa na safari zisizoeleweka, simu za faraghani, fedha zilizopotea, na kijana aliyekatiza mazungumzo kila alipomwona anakaribia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu yale yale huleta radi pia. Hakushuku kwamba ataposwa. Alishuku kwamba yuko mwanamke mwingine Kasulu.

Wala hatuwezi kumlaumu. Hila ya mtu anayeandaa furaha na hila ya mtu anayeandaa usaliti huacha nyayo za aina moja. Anayejua mwisho wa njia huziona nyayo hizo akacheka. Asiyejua hulala macho.

Jioni moja shangazi yake binti alikuja nyumbani kwangu, akaketi chini ya mwembe. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za watoto, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, mtoto wangu halali. Amekuja kwangu akilia, ananiuliza kama mpwa wako ana mtu Kasulu. Mimi ukweli naujua, maana kijana alinishirikisha tangu mwanzo. Nimwambie nini?"

Nilimjibu kwa upesi ambao baadaye niliujutia: "Vumilia, dada. Zimebaki siku tisa tu. Siku ile atacheka mwenyewe."

Akanitazama. "Siku tisa za nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Mimi nilizihesabu siku zile kwa kalenda ya mpwa wangu, ambaye kwake zilikuwa siku tisa za raha na matumaini. Kwa binti zilikuwa siku tisa za kujiuliza amekosa nini. Furaha ya usiku mmoja ilikuwa inakopwa kutoka katika usingizi wa mtu mwingine, na mkopeshaji hakuulizwa.

Wenye hekima wamelijadili jambo la uongo wenye nia njema kwa muda mrefu. Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Königsberg aliandika mwaka 1797 kwamba haijuzu kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Kwa kipimo hicho mpwa wangu angekwisha kuhukumiwa tangu siku ya kwanza. (Tukumbuke, lakini, kwamba Kant hakuoa maisha yake yote.) Walimu wa dini wa pale Ujiji kwa upande wao huitaja hadithi inayoruhusu maneno yasiyo kweli kamili katika mambo matatu: vitani, katika kuwapatanisha waliogombana, na katika mazungumzo ya mume na mkewe. Kijana wetu angependa kujificha chini ya jambo la tatu. Bahati mbaya yeye alikuwa bado si mume wa mtu. Ndiyo kwanza alikuwa anaomba.

Kwa maoni yangu, njia ya kutoka katika mabishano haya ni kuuliza kwanza ni kitu gani kinachofichwa. Mtu anaweza kuificha siku. Anaweza kuficha saa, mahali, pete, na wimbo utakaoimbwa. Hivi ni kama jani la mgomba linalofunika chakula: aliyeandaliwa anajua kwamba chini yake mna chakula, hajui tu ni chakula gani. Lakini hawezi kuificha hali. Kama ninakupenda au sikupendi, kama niko nawe au niko na mwingine, kama nina nia ya kuoa au napita njia, haya ndiyo mambo ambayo mwenzangu anayategemea kila siku katika kuamua maisha yake. Nikiyavuruga kwa ajili ya mchezo, hata wa siku tisa, nimeugusa msingi wa nyumba ambayo nadai naijenga.

Shangazi yule hakusoma falsafa, lakini aliona tofauti hiyo kabla yangu. Hakumwambia binti siri, kwa kuwa aliaminiwa. Hakumwacha vile vile alivyo, kwa kuwa alipendwa. Alimwita kijana, akamwambia: "Mwanangu, nenda kamwambie kwamba una siri. Usimwambie siri ni ipi. Mwambie iko, si mbaya, na ataijua mwezi ukijaa." Kijana alinung'unika kwamba sasa mpango umeharibika. Alikwenda hata hivyo. Usiku ule binti alilala.

Kama ilivyotazamiwa, katika muda wa siku mbili binti alikwisha kuelewa kila kitu. Akanyamaza. Kuanzia hapo kukawa na watu wawili, kila mmoja akimficha mwenziwe jambo ambalo wote wawili wanalijua. Au tuseme kijana alificha siri, na binti alificha kwamba siri imekwisha. Je, huu nao si uongo?

Nitajibu kwa kurudi nyuma kidogo, kwa maana watu wa Ujiji wana historia maarufu ya swali lililoulizwa na mtu aliyejua jibu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji akimtafuta Daktari David Livingstone. Alikuwa amekwisha kusikia njiani kwamba yuko mzungu mzee mwenye mvi katika mji ule. Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwa amekwisha kukimbia kumlaki mgeni na kurudi kwa bwana wake na habari. Kwa hiyo Stanley alijua anamwendea nani, na Livingstone alijua kwamba anafikiwa. Hata hivyo, mbele ya umati wa watu, Stanley alivua kofia akamwamkia kwa namna ya kumwuliza kama yeye ndiye. Wengi wamelicheka swali lile kwa zaidi ya miaka mia moja, na wako wanaotilia shaka kama kweli aliyatamka maneno yale. Mimi silioni kuwa la kuchekesha. Mtu aliyekwisha kujulikana ni nani bado ana haki ya kuulizwa, ili aseme mwenyewe kwa kinywa chake.

Posa ya wazee wetu ilijengwa juu ya adabu hiyo hiyo. Katika mji wa Ujiji, ambako Uislamu na Kiswahili vilikwisha kutia mizizi tangu zama za misafara, mshenga huenda kwa baba wa binti na barua ya posa. Haanzi na habari ya ndoa. Huanza na mvua, na bei ya migebuka, na hali ya wagonjwa. Kisha husema kwamba amepita karibu na bustani akaona ua. Baba hujifanya hana habari ya ua lolote. Katika nyanda za juu za Buha, Kasulu na Kibondo, wazee waliotumwa walianza na salamu ndefu za kupiga makofi, na ng'ombe hawakutajwa mpaka pombe imekwisha kunywewa. Kila aliyekuwapo alijua kilichowaleta wageni. Majirani walijua, watoto waliochungulia dirishani walijua. Kwa nini basi kujifanya?

Kwa sababu pale penye kujifanya ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Maadamu ndoa haijatajwa, kukataa hakujawa tusi. Baba angeweza kusema kwamba ua hilo bado changa, au kwamba bustani ina mwenyewe, na mshenga angeaga kwa heshima, na kesho yake familia mbili zingekutana sokoni bila ya kuoneana haya. Hata palipokuwa na nia ya kukubali, jibu halikutolewa siku ile. Wangesema, "Tumesikia, tupeni nafasi tuulizane." Kutokujua kwa kujifanya kulikuwa ni stara iliyotandazwa ili anayeombwa apate kupumua.

Lakini nisije nikawapamba wazee kupita kiasi, kama tulivyozoea kufanya katika makala za namna hii. Ile nafasi ya kupumua ilikuwa ya nani? Mara nyingi ilikuwa ya baba, na baba wadogo, na wajomba. Yuko mtu mmoja ambaye kwake posa ilikuwa ya ghafula kweli kweli, naye ni binti. Wako bibi zetu waliojua kwamba wameposwa pale walipoona ng'ombe wageni wakiingia uani, au waliposikia vigelegele vya mama zao wakadhani ni vya jirani. Inafundishwa katika dini kwamba kunyamaza kwa mwanamwali ni idhini yake, kwa kuzingatia haya aliyo nayo; lakini fundisho hilo linataka kwanza aulizwe. Kunyamaza kwa mtu ambaye hakuulizwa si jibu la aina yoyote. Huwezi kuita makubaliano kimya cha mtu aliyekuwa kisimani wakati maneno yakisemwa.

Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa jambo kubwa katika utamaduni wetu, kupita vile ambavyo wengi tunakumbuka. Sheria hiyo ilisema kwamba hapana ndoa bila ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, na ilisema pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa. Tena ilitaka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate kusema. Inaonekana sheria yenyewe haipendi ghafula. Palipobaki upungufu, yaani kumruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi wake, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Katika yote hayo wazo ni moja: swali la ndoa linamhusu yeye anayeulizwa, naye lazima awe mtu anayeweza kujibu.

Kwa kipimo hicho, desturi mpya ya vijana ina sifa moja ambayo ile ya zamani haikuwa nayo: inamwuliza binti mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alituonya juu ya mambo mawili kwa pamoja: tusiidharau mila kwa kuwa ni yetu, wala tusikatae kujifunza kwa wengine kwa kuwa si sisi. Kupiga goti na kutoa pete kulitoka ng'ambo. Sioni ubaya wa kulipokea goti, ikiwa limepigwa mbele ya mtu anayeulizwa kwa dhati.

Ubaya uko mahali pengine. Siku hizi posa ya ghafula hufanywa hotelini, uwanjani, katika mahafali, hata kanisani, mbele ya mamia ya watu walioshika simu. Binti huitwa katikati. Kijana hupiga goti. Umati hupiga kelele za kumtaka akubali. Nani hapo anaweza kusema, "Nipe nafasi nifikiri"? Akisita, amemwaibisha mwanamume mbele ya dunia nzima. Akikataa, picha zitasambaa kabla hajafika nyumbani. Mshenga wa zamani alizungukazunguka ili kukataa kuwe rahisi; umati huu unakusanywa, kwa kujua au kwa kutojua, ili kukataa kusiwezekane. Yule bibi aliyesikia vigelegele vya kwake akadhani ni vya jirani, na huyu mjukuu anayezungukwa na vigelegele kabla hajafungua mdomo, wametendewa jambo moja. Kelele zimetangulia jibu.

Sasa naweza kurudi kwa binti aliyejua akanyamaza. Simwoni kuwa mwongo, kwa kuwa hakumwacha kijana katika hasara yoyote. Alimwachia furaha yake ya kuandaa. Isitoshe, alijipatia mwenyewe kitu ambacho mpango wa kijana haukumpangia, nacho ni siku saba za kutafakari kabla ya kuulizwa. Ghafula ilipomfikia, haikumkuta mikono mitupu. Kama kungekuwa na wajibu juu yake, nadhani ulikuwa huu mmoja: kwamba kama jibu lake lingekuwa la kukataa, angetafuta njia ya kulifikisha mapema, kupitia kwa shangazi, kabla ya kijana kuingia majini na matumaini yake yote. Kumwacha mtu ajenge daraja refu kuelekea mahali ambapo hutakuwapo, huo ndio ukatili.

Usiku wenyewe ulifika. Mwezi ulikuwa juu ya ziwa, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana kama kivuli. Shangazi alikuwa amefika Kibirizi mapema, akawakuta wale vijana kumi wanakaza ngozi za ngoma motoni. Aliwauliza, "Ngoma gani hiyo inayopigwa kabla ya jibu?" Wakatazamana. Ngoma zikarudishwa nyumbani, na simu ikatiwa mfukoni. Watu wawili wakaingia mtumbwini peke yao.

Mpwa wangu alikuja kwangu usiku huo huo, amelowa miguu, amekunja uso. "Mjomba," alisema, "amesema amesikia. Amesema nimpe siku saba."

"Hakukataa," nikamwambia.

"Hakukubali, Mjomba."

Alikuwa na haki ya kuumia, wala sikujaribu kumtoa katika maumivu yake kwa maneno matamu. Nilimpa chai. Nilimwuliza, kama angekuwa na hakika kabisa ya jibu, angekuwa ameuliza au angekuwa ametangaza? Hakunijibu, na sidhani kama usiku ule alinisikia. Siku zile saba nazo zilikuwa na mwenyewe, na safari hii mwenyewe alikuwa yeye. Akaendelea kununua dagaa na kuwasafirisha, na watu wa Kibirizi walisema kwamba alipunja bei mara mbili bila ya kujua.

Siku ya sita shangazi akaja tena chini ya mwembe. Binti amekubali, kwa masharti mawili: kwanza amalize mafunzo yake ya ualimu ndipo ndoa ifungwe, pili, mshenga atumwe kwa baba yake kwa utaratibu, na barua, na kilemba cha baba na mkaja wa mama. Hakutaka baba yake awe mtu wa mwisho kujua jambo la bintiye.

Mshenga niliyemtuma alikwenda Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Aliporudi alinisimulia kwamba alizungumza sana habari za mvua na za bei ya mawese, na kwamba alipoitoa barua, baba wa binti aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akauliza kwa mshangao mkubwa imetoka kwa nani na ina habari gani. Wakati huo, alisema mshenga, harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kujaa barazani, na nyuma ya nyumba kuku watatu walikuwa wanamalizwa kunyonyolewa.